Zima Gari, Frateri

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta, na katika nyumba yetu tangazo hilo husomwa kwa makini kama matokeo ya mitihani. Wa kwanza kulisoma ni padre anayeshika fedha za nyumba. Wa pili ni mimi, kwa sababu mwaka huu nimekabidhiwa funguo za pikapu. Mwaka 2022, petroli ilipovuka shilingi 3,000 kwa lita hapa Dar es Salaam, hata wasio na gari walielewa, maana nauli na bei ya nyanya havikukaa chini. Tangu hapo nimesikia ushauri mwingi wa kubana mafuta: unganisha safari, pima upepo wa matairi, tembea kwa miguu kama ni karibu. Yote ni kweli. Lakini kuna mafuta ambayo hayazungumzwi sana, nayo ni yale tunayoyachoma tukiwa hatuendi popote.

Safari yangu ya kila wiki ni ya jikoni. Natoka Tabata, naingia Barabara ya Mandela, napita Buguruni, nashika Barabara ya Uhuru hadi Ilala, na mara nyingine namalizia Kariakoo kutafuta vitu vya dukani. Kwa kilomita si safari ya kutisha. Ningetoka saa kumi na moja alfajiri ningerudi uji ukiwa bado wa moto. Lakini Misa na ratiba ya nyumba haviniruhusu, kwa hiyo naingia barabarani saa ile ile ambayo malori ya bandarini, daladala, bajaji na magari ya maofisini nayo yanaingia. Basi tunasimama. Injini ya dizeli inatikisa kiti, mshale wa mwendo umelala kwenye sifuri, na tangi linaendelea kupungua.

Mimi nimekulia katika nyumba ya daladala. Baba aliendesha kipanya kati ya Ubungo na Kariakoo, zama zile ambazo pale Ubungo palikuwa na mataa tu, miaka mingi kabla ya barabara za juu zilizofunguliwa 2021. Wakati wa likizo alinikalisha mbele, katikati yake na abiria. Tulipofika mataani na kukuta foleni imeshona, alivuta breki ya mkono na kuzima gari. Abiria wageni walishtuka wakauliza kama limeharibika. Konda akawajibu, "Tulieni, dereva analinda hesabu."

Waliozoea daladala wanajua maana yake. Jioni dereva anampelekea mwenye gari kiasi walichopatana, hiyo ndiyo hesabu, iwe siku nzuri au mbaya. Mafuta anayalipa kutoka kwenye makusanyo ya siku. Kinachobaki ndicho chakula cha dereva na konda. Kwa hiyo dizeli iliyoungua pale mataani ilikuwa imetolewa nyumbani kwetu moja kwa moja, kwenye unga, kwenye madaftari, kwenye sare ya dada yangu. Baba hakuwahi kunihubiria juu ya mazingira. Sidhani kama neno hilo lilikuwa mdomoni mwake. Alizima tu.

Sasa ninapokaa foleni Buguruni nina tabia ya kuangalia ni nani amezima na ni nani hajazima. Dereva wa bajaji huzima mapema kuliko wote. Bodaboda hivyo hivyo. Teksi nyingi huzima kama hazina abiria. Halafu kuna magari makubwa yenye vioo vya giza, AC inafanya kazi, dereva ameegemeza kiti nyuma anachezea simu, na injini inanguruma kuanzia trafiki anaponyoosha mkono wa kutusimamisha mpaka anapotuita. Dereva huyo si mtu mbaya. Mafuta yake yamelipwa na ofisi, na ofisi haiko pale kwenye foleni kuyaona yakiungua.

Na magari yetu ya Kanisa, je? Nimeyaona mara nyingi, ya parokia, ya mashirika, ya shule. Kwa haki kabisa lazima niseme kwamba mengi yako upande wa magari ya ofisini. Jambo hilo linanisumbua zaidi ya moshi wenyewe, kwa sababu nimeona mafuta hayo yanavyopatikana. Nikiwa katika mwaka wa kichungaji, parokiani kila Jumapili ya mavuno nilisimamia mnada baada ya Misa. Mama analeta jogoo, mwingine trei ya mayai, mzee analeta mkungu wa ndizi alioubeba begani. Tunanadi kwa kelele na vicheko, jogoo anauzwa kwa bei ambayo sokoni asingeifikia kamwe, na fedha inaingia kwenye kitabu. Jumatatu sehemu ya fedha hiyo inakwenda kituo cha mafuta ili padre afike vigangoni. Mama wa jogoo anajua kwamba gari la parokia linakula mafuta na hana shida na hilo, maana ndilo lililomletea mama mkwe wake Mpako wa Wagonjwa. Hajui tu kwamba baadhi yake yaliishia kwenye foleni, padre akisubiri kuvuka makutano.

Ni kiasi gani? Tusiongee kwa huruma tu, tupige hesabu. Gari dogo la petroli lenye injini ya cc 1,500 hivi, likisimama na kunguruma, hutumia takriban nusu lita hadi lita moja kwa saa, na AC ikiwashwa linapanda. Pikapu ya dizeli kama yetu iko humo humo. Lori kubwa la mizigo linaweza kufika lita 3 kwa saa. Tuseme basi gari la nyumba linatumia lita 0.8 kwa saa, na linasimama foleni dakika 40 kwa siku, siku 5 kwa wiki. Hizo ni saa 3 na dakika 20, yaani lita 2.7 hivi kila wiki. Kwa wiki 50 ni lita kama 133. Kwa shilingi 3,000 kwa lita, nimechukua namba rahisi tu, tunapata takriban shilingi 400,000.

Haziwezi kuokolewa zote. Foleni nyingine ni ya kusogea na kusimama, huwezi kuzima kila hatua. Nikisema tutaokoa nusu, bado ni shilingi 200,000 kwa mwaka kwa gari moja. Weka kwenye kapu la sadaka: ni sarafu 400 za shilingi 500. Parokia yenye watu wa kipato cha kawaida inazijua sarafu hizo. Nyingi hutolewa zikiwa za moto, mtoto amezishika mkononi tangu nyumbani.

Frateri mwenzangu niliyempigia hesabu hii alinipinga papo hapo. Alisema kuwasha gari kunakula mafuta mengi kuliko kuliacha lingurume, kila mtu anajua. Kweli, kila mtu anajua, lakini alijua zamani. Gari la kabureta, hasa likiwa baridi, lilihitaji kuvutiwa choki na kupigwa pedali mara mbili tatu, mafuta yakimwagika ndani bila kipimo. Ukikaa karibu ulisikia harufu yake. Magari ya EFI tunayoendesha leo yana kompyuta ndogo inayopima mafuta kwa kila mpigo, na injini iliyokwisha kupata moto inawaka kwa tone tu. Watafiti wa maabara ya Argonne huko Marekani walipima jambo hili wakakuta kwamba ukisimama zaidi ya sekunde 10, kuliacha gari likinguruma kunatumia mafuta mengi kuliko kuzima na kuwasha tena. Sekunde 10 ni fupi kuliko Salamu Maria moja isiyo na haraka.

Hoja yake ya pili ilikuwa nzito zaidi: stata. Nilimpelekea fundi wetu, mzee ambaye amefungua injini tangu kabla sijazaliwa, naye hakunipa jibu la kunifurahisha. "Frateri, stata ina kaboni ndani, na kaboni inaisha. Ukiwasha mara hamsini kwa siku utanitafuta mapema." Akaongeza kwamba betri nayo inahitaji muda wa kuchajiwa njiani kati ya kuwasha na kuwasha, na betri iliyochoka itakuacha katikati ya Mandela huku malori yanapiga honi. Nilimuuliza, je, mara tano au sita kwa safari? Akacheka akasema hiyo hata stata haitajua. Kwa hiyo zile sekunde 10 za watafiti nimeziheshimu kama hesabu ya mafuta, lakini barabarani nimejiwekea dakika moja. Kama naona tutasimama chini ya dakika moja, naacha. Kama ni zaidi, nazima.

Ugumu ni kujua. Katika miji ambako taa zinafuata saa yake, dereva anajua atasubiri kiasi gani. Uswisi huweka hata vibao kwenye vivuko vya reli vikiwaomba madereva wazime injini. Kwetu taa inaweza kuwa ya kijani na trafiki amesimama chini yake akituzuia kwa mkono, na mkono hauhesabu sekunde. Hapo elimu ya Baba inanisaidia kuliko kitabu chochote. Alinifundisha kuwaangalia machinga. Wauza maji na korosho wanalijua lile makutano kuliko sisi, wanaishi pale. Wakibaki pembeni wamejiegemeza kwenye nguzo, foleni itaachiwa sasa hivi. Wakiingia katikati ya magari na kuanza kutembea kurudi nyuma, mbali na mataa, upande wetu umefungwa kwa muda mrefu, zima. Dereva wa lori la mbele akishuka kukagua matairi, zima. Pikipiki ya polisi ikipita peke yake kwa kasi barabara ya pili, huo ni msafara wa viongozi unakuja. Zima na ufungue kitabu cha Sala ya Kanisa. Na foleni ya pantoni ya Kigamboni haina mjadala, pale unaiona safari yako yote mbele ya macho.

Baba alipokuja kunitembelea, nilimchukua kwa pikapu kumrudisha kituoni. Tulisimama Tabata Relini, mimi namweleza habari za masomo, yeye anatazama nje. Machinga wakaanza kutembea kurudi nyuma. Alikatiza maneno yangu: "Zima gari, Frateri." Ameniita jina langu maisha yake yote, lakini tangu nilipovaa kanzu ananiita Frateri, hata anaponigombeza.

Lipo jambo ambalo hata yeye alilikataa, na naomba wanaojifunza kuendesha walisome mara mbili. Usizime gari likiwa linatembea. Madereva wengine wa zamani walikuwa wakifika mteremko wanaweka gari fulitoni, yaani gia inatolewa, na wenye tamaa zaidi wanazima kabisa ili liteleze bure. Dereva mmoja wa kijiwe cha Baba alifanya hivyo kwenye mteremko wa Kimara. Breki ya gari husaidiwa na hewa inayovutwa na injini. Injini ikizimwa unabaki na msaada wa kukanyaga mara mbili tatu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani nao unakuwa mzito, na ukichomoa ufunguo unaweza kujifunga kabisa. Gari lilimalizia mtaroni. Hakuna aliyekufa, lakini konda alivunjika mguu, na dereva mwenyewe hakurudi tena barabarani. Cha kusikitisha, kwa magari ya EFI ujanja huo hauna hata faida: ukishuka mteremko gari likiwa kwenye gia na mguu umeutoa kwenye pedali ya mafuta, kompyuta hukata mafuta kabisa, magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka fulitoni, injini inahitaji mafuta ili isizimike. Kwa hiyo mwenye kuteleza bila gia anahatarisha watu na bado anachoma zaidi.

Kuna nyakati nyingine pia ambapo siizimi. Usiku kwenye mvua, taa na waipa vikifanya kazi, betri inanyonywa haraka. Gari lenye taabo likitoka kwenye mwendo mkali au mlima mrefu linahitaji kupumzishwa kwanza dakika chache, ili oili iipoze taabo. Foleni ya kusogea hatua mbili mbili nayo naiacha. Pale dawa ni kuacha nafasi mbele na kutambaa polepole kwa gia ya kwanza, ingawa utatukanwa na daladala watakaojaza nafasi hiyo. Na ninapompeleka kliniki padre wetu mzee, ambaye pumzi yake ni fupi, AC inabaki imewashwa kutoka lango letu hadi lango la hospitali, hata foleni iwe ya saa mbili. Sijawahi kuhesabu mafuta ya safari hizo.

Kumtaja yeye kunanikumbusha wale wengine wenye mapafu ambao hawamo ndani ya gari lolote. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2012 liliweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Sisi tunapita Buguruni nusu saa tukiwa tumefunga vioo. Kijana anayeuza maji yuko pale tangu asubuhi hadi giza, bomba la moshi la lori liko usawa wa kifua chake, na mama wa mihogo ya kuchoma ameketi ukingoni na mtoto mgongoni. Gari langu moja kuzimwa halitawasafishia hewa, malori yapo. Lakini upande ule ambao dirisha langu limetazamana na mama yule, kwa dakika zile nne, bomba langu halimpulizii. Mwanzoni alinikazia macho akidhani gari limenifia. Siku hizi ananiuzia mihogo.

Na moshi usioonekana upo pia. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ya kaboni, nzito kuliko lita yenyewe, kwa kuwa kaboni iliyomo inaungana na oksijeni ya nje. Zile lita 66 tunazoweza kuokoa kwa mwaka ni karibu kilo 180. Katika waraka wa *Laudato Si'* wa mwaka 2015, Papa Fransisko alitaja matendo madogo ya kila siku: kupunguza plastiki na maji, kupika kinacholiwa tu, kupanda miti, kuzima taa zisizohitajika, kusafiri kwa usafiri wa umma au watu kadhaa katika gari moja. Injini ya kwenye foleni hakuitaja. Nadhani dereva wa daladala angemkumbusha.

Kuna kichekesho kidogo hapa. Magari mengi yanayoletwa nchini yakiwa yametumika Japani, Vitz kwa mfano, mengine tayari yana mtambo wa kuzima injini yenyewe ukisimama na kuiwasha ukiachia breki. Utaona kwenye dashibodi kitufe chenye herufi A iliyozungukwa na mshale. Wengi wetu kitu cha kwanza tunachofanya ni kukibonyeza ili mtambo usifanye kazi. Kuna sababu ya kweli: betri ya magari hayo ni ya aina yake na ni ghali, ikifa tunaweka ya kawaida, na mtambo unaimaliza. Stata ya magari hayo ilitengenezwa kwa kazi hiyo, kwa hiyo hofu ya fundi wangu haiyahusu. Nani ataamua, bei ya betri au bei ya mafuta? Kwa gari linaloshinda katikati ya jiji ningenunua betri yake. Kwa gari la parokia ya porini, ambako foleni pekee ni ya ng'ombe, nisingejisumbua.

Kwa wanaotaka kujua gari lao linaokoa nini, msiamini mshale wa dashibodi. Jazeni tangi mpaka pampu ikatike, andikeni kilomita. Endesheni wiki mbili kwa mtindo wenu wa kawaida, jazeni tena mpaka ikatike, andikeni lita zilizoingia na kilomita zilizosomeka. Kisha rudieni wiki mbili nyingine mkizima kwenye vituo virefu, kwa njia ile ile na mizigo ile ile. Wiki moja haitoshi, maana foleni ya wiki ya mwisho wa mwezi si sawa na ya katikati. Pikapu yetu ina daftari la kurasa 96 kwenye droo ya mbele, lenye safu tano: tarehe, kilomita, lita, fedha, na dakika nilizozima, hizi nazikadiria kwa saa ya mkononi. Muhula ukiisha funguo zitakwenda kwa frateri mwingine, na nimeshamwonyesha mahali kalamu inapokaa.